"Sawa mama": kisa cha mteja ambaye hakuweza kunikatalia

Kabla ya kisa chenyewe

Mi ni mshauri nasaha, mwanamke, umri umeshapita 50, na kisa hiki hakikumtokea mwenzangu, ni changu na aliyekosea ni mimi. Nakiandika kwa sababu mafunzo mengi tunayopewa kuhusu nguvu ya mtoa huduma juu ya mteja yanaongelea yale makubwa tu, mshauri kutembea na mteja, mshauri kula hela ya mteja, mgonjwa kufungwa kamba wodini, na kweli hayo yapo na ni mabaya sana, lakini ukishajua kwamba wewe hufanyi hayo basi unajiona uko salama. Mi nilijiona salama kabisa. Sikumgusa, sikumtukana, sikumwibia, tena nilimuonea huruma kuliko wateja wote niliokuwa nao mwaka ule, na ni kwenye hiyo huruma ndo nilimfunga mdomo.

Nitamwita Leah, sio jina lake. Mji nimeutoa, kazi yake nimebadilisha, tarehe nimezisogeza. Ruhusa ya kuandika sikumuomba mwenyewe ana kwa ana, ilipitia kwa mshauri anayemuona sasa hivi, ili kama hataki aseme hataki bila kuniangalia usoni. Alikaa na rasimu wiki 3. Ikarudi amekata sehemu 2 na ameongeza sentensi 1. Zilizokatwa hamtazisoma, aliyoiongeza nimeiweka alipotaka ikae.

Mazingira

Leah alikuwa na miaka 26. Mama yake alifariki miezi 7 kabla hajaja kwangu, baada ya kuugua muda mrefu, na aliyemuuguza mpaka mwisho ni yeye peke yake maana baba alishaondoka zamani ana familia nyingine mkoa mwingine. Baada ya msiba akahamia kwa mama yake mdogo. Usingizi hamna, kula mpaka alazimishwe, kazini (anakaa kaunta, niishie hapo) alishapewa onyo mara 2 kwa kuchelewa. Dodoso la PHQ-9, lile la kupima sonona lenye maswali 9 ambalo kila swali ni 0 mpaka 3 na jumla yake ni 27, siku ya kwanza alipata 14. Sonona ya kiwango cha kati, na juu yake kuna msiba ambao bado mbichi.

Aliyemleta ni huyo mama mdogo, na mama mdogo mi namfahamu vizuri, tuko kikundi kimoja cha vikoba, tunakutana kila wiki tunanunua hisa, tunakopeshana, kwenye misiba tunachangiana. Wazo la kumpeleka Leah kwa mwenzangu lilinijia nikaliweka pembeni. Nilijiambia washauri kwenye mji wetu wanahesabika, nilijiambia nitamsumbua bure, afu mama mdogo alishaniambia "mi imani yangu iko kwako", na nikiwa mkweli hiyo sentensi ilinipendeza. Basi tukaanza, chumba kinaonekana kina watu wawili kumbe tuko watatu.

Chumba chenyewe kiko hivi: meza kubwa ya mbao katikati, upande wangu kiti cha kuzunguka chenye mgongo mrefu, upande wa mteja kiti cha plastiki, ukutani vyeti vyangu 3 vimewekwa fremu. Kikao dakika 50, bei elfu 40. Leah akiingia ananisalimia "shikamoo mama", nami "marahaba mwanangu". Kwetu hiyo ni adabu ya kawaida, mtoto wa miaka 26 asipomwamkia mtu wa umri wangu watu watauliza kalelewa na nani. Sikuiona kama ni kitu cha kufikiria.

Ilivyokwenda

Vikao 3 vya mwanzo alilipa mama mdogo. Leah alilia sana, hasa akifika kwenye wiki ya mwisho ya hospitali, na kulia kule kulikuwa ndo kazi yenyewe tunayoifanya, nilikuwa nakaa nae tu namuacha alie.

Baada ya kikao cha 2 tukakutana kwenye vikoba, mama mdogo akanivuta pembeni akauliza, "mtoto anaendeleaje?" Nikamjibu, "mpe muda, bado analia sana akimtaja mama yake." Sekunde 5 tu za maneno. Nilidhani namsaidia Leah ili nyumbani wamvumilie. Mama mdogo akarudi nyumbani akamwambia Leah alie yaishe maana mama harudi. Haya sikuyajua mpaka miezi 3 baadaye, lakini Leah aliyajua usiku ule ule, akaelewa kwamba anachosema kwenye kile chumba kinafika nyumbani kabla yake.

Hakuniuliza. Hakununa. Kikao cha 4 alikuja, akaniamkia vizuri, na hakulia. Mi kwenye faili nikaandika: "Maendeleo mazuri, machozi yamepungua."

Naomba msomaji ukae hapo kidogo. Mteja amefunga mlango mbele ya macho yangu na mi nimeandika kwamba anapona.

Mwisho wa hicho hicho kikao cha 4 akaniambia mama mdogo hatalipa tena, kuna ada za watoto, kwahiyo yeye atasimama kwanza. Nikamwambia "usijali mwanangu, wewe njoo tu, utanilipa ukiwa nayo." Sikusema mpaka lini, sikusema kiasi gani, sikuandika popote. Machoni pake niliona kama ahueni nikafurahi.

Kikao cha 5 nikampa kazi ya kufanya nyumbani, amwandikie baba yake barua, sio lazima aitume, aandike tu yale ambayo hajawahi kumwambia. Ni zoezi ambalo limewasaidia wateja wangu wengi. Yeye hakuwa amemtaja baba ila mara 1 tu kwa kupita, aliyekuja kwa ajili yake ni mama. "Sawa mama." Kikao cha 6 nikamuuliza umeandika? Akasema ameandika, kurasa 2, na imemsaidia. Tukaongea juu ya hiyo barua dakika 40 nzima. Barua hiyo haikuwepo. Hakuandika hata mstari, alikaa pale anatunga jibu kwa kila swali langu kwa sababu kuniambia "sijaandika, sitaki" kulikuwa kugumu kuliko kudanganya.

Kikao cha 7 nikampa tena PHQ-9, akajaza pale pale mezani mi nikiwa mbele yake namsubiri. 6. Kutoka 14 mpaka 6 nikaona kazi imefanyika, nikampongeza, akatabasamu.

Kikao cha 8 ndo nilipomuomba. Nilikuwa nimealikwa kuendesha semina ya afya ya akili chuo kimoja, wanafunzi kama 200, nikaona vijana watasikia zaidi kwa kijana mwenzao, nikamwambia ningependa aje atoe ushuhuda, dakika 10, sio lazima aseme kila kitu, na akiona hataki asijisikie vibaya kabisa. Nilisema kabisa hilo la mwisho, nalikumbuka vizuri maana nilijisifia nalo moyoni. Akaangalia chini kidogo akasema "sawa mama".

Kikao cha 9 hakuja.

Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikatuma meseji 3 kwa siku 2, tiki za bluu zinaonekana, jibu hamna. Wasiwasi ukaniingia, mtu mwenye sonona amekata mawasiliano ghafla unawaza mengi, na siku ya 3 nikampigia mama mdogo. Nilimwambia Leah hajaja kikaoni na hapokei simu, na nikaongeza kwamba tulikuwa tumepanga aje kwenye semina kutoa ushuhuda. Mama mdogo hakuwa anajua lolote la semina. Jioni ile nyumbani palikuwa hapakaliki, sehemu hiyo ni moja ya zilizokatwa kwahiyo naishia hapo.

Kesho yake saa 11 alfajiri ikaingia meseji ndefu. Kwa ruhusa yake naweka vipande: "Shikamoo mama. Naomba unisamehe kwa kutopokea simu. Sikutaka kuongea mbele ya watu 200 ila sikuweza kukataa kwa sababu nadaiwa. Kila ulichoniambia nilisema sawa. Barua sikuandika. Naomba usimpigie tena mama mdogo, naomba usimwambie kitu tena."

Hata wakati ananishtaki alianza na shikamoo na kuomba msamaha.

Maamuzi niliyofanya na sababu zake

La kwanza nilitaka kumpigia pale pale. Nikajizuia, nikampigia msimamizi wangu, mama mmoja aliyestaafu ambaye hunisikiliza kesi zangu mara 1 kwa mwezi. Akaniuliza swali moja, "unataka kumpigia ili nani apate nafuu?" Nikanyamaza. Akasema basi mwandikie, na kabla hujatuma nitumie mimi nisome.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kama kurasa 1 na nusu. Nilieleza nia yangu, nilieleza kwanini nilimpigia mama mdogo, nilieleza kwamba nimeumia, nilimkumbusha kwamba nilimwambia asijisikie vibaya akikataa. Msimamizi akafuta karibu yote. Akaniambia hapa unamfanya mtoto akubembeleze, akishaisoma hii atakujibu "usijali mama" na utakuwa umempa kazi nyingine bila malipo. Iliyobaki ilikuwa hivi: nimesoma, uko sahihi, nilitoa habari zako bila ruhusa yako mara 2 na halikuwa kosa lako. Semina haupo. Deni halipo mpaka wewe uamue vinginevyo. Sitampigia mama mdogo. Kama unajiona hauko salama hii hapa namba ya mshauri mwingine na ya kliniki ya hospitali ya mkoa, hawaripoti kwangu. Ukitaka tukutane tutakutana, usipotaka hujanikosea. Faili lako lipo, ni haki yako kuliona.

Hilo la faili msimamizi ndo alilisisitiza, na sikulipenda. Faili nililiona ni langu, ni kazi yangu ile. Lakini hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zilizoko mikononi mwa wengine, na taarifa za afya zinahesabika kama taarifa nyeti, kwahiyo hata tukiweka pembeni utu, nilikuwa namnyima kitu chake. Na kabla ya hapo sikuwahi kumwambia kwamba haki hiyo anayo, wala sikuwahi kumwambia mteja yeyote.

La pili ilikuwa mahali pa kukutana, kama atataka. Sio ofisini kwangu. Tukaazima chumba sehemu nyingine, viti vinavyofanana, meza tukaitoa, msimamizi awepo, na Leah aje na mtu wake anayemtaka.

La tatu, kumwambia mama mdogo ukweli kwamba mi ndo nimevunja usiri na Leah hana kosa. Nilimwambia. Alikasirika kwamba namficha mambo ya mtoto anayekaa kwake, na kwenye vikoba akakaa miezi kadhaa hanisalimii. Hayo nilistahili.

Kilichofuata

Alijibu baada ya siku 9. Akaja na rafiki yake. Akaingia, akatuangalia wote, akasema "habari za hapa." Hakuniamkia. Msimamizi wangu ana miaka 70 na kitu nae hakuamkiwa. Nilihisi kama kuna kitu kimenichoma kifuani, na nikajisikia kusema neno, yaani mwili wangu wote ulitaka shikamoo yangu. Msimamizi alinisubiri mpaka jioni akaniuliza, "pale alipoingia ulijisikiaje?" Mpaka leo hilo ni swali lililonifundisha kuliko kozi nyingi nilizolipia.

Aliongea kama dakika 30, mi sikujibu kitu ila nilipoulizwa. Afu akaomba faili. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, alipofika kikao cha 4 akasimama pale muda mrefu akaomba kalamu. Hii ndo sentensi aliyoongeza kwenye rasimu, na ndiyo aliyoiandika siku ile pembeni ya maneno yangu: "Hayakupungua. Nilikuwa nalia kwenye daladala nikirudi."

Alichagua kuendelea na mshauri mwingine. Kule alipewa PHQ-9 akajaza mwenyewe nje, peke yake, akaikunja. 13. Kwahiyo ile 6 ya kwangu ilikuwa adabu tu. Na swali la 9, lile linalouliza kama umewaza kwamba ni afadhali ungekufa, kwangu aliweka 0 mara zote 2, kule hakuweka 0. Ameruhusu niliandike hili. Alieleza kwamba kwangu aliogopa kwanza litafika kwa mama mdogo, na pili alishasikia mtu akisema maneno hayo anapelekwa polisi. Hofu hiyo haikutoka hewani, kujaribu kujiua ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Kuwaza sio kujaribu, ila mteja hatofautishi hivyo akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mtu mwenye vyeti ukutani. Kenya Mahakama Kuu Januari 2025 ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Kule kwa mshauri mpya walikaa wakapanga nae nini afanye mawazo yakimzidi, nani ampigie, na sasa hivi anaendelea kuhudhuria. Zaidi ya hapo sijui na sitakiwi kujua.

Kisha ikaja hela. Vikao kuanzia cha 4 mpaka cha 8 ni 5, kwa bei yangu ni laki 2. Miezi 4 baadae nikaona meseji ya muamala, elfu 50. Mwezi uliofuata elfu 50 nyingine, na ujumbe: "Nimemaliza. Hii ndo thamani niliyoiona." Laki 1, nusu. Mkono wangu ulishaanza kurudisha, nikijiambia mtoto hana hela, nilishamsamehe. Msimamizi akanikataza. Akasema ulimkopesha bila kumuuliza, sasa analipa kwa bei aliyoipanga yeye, ukirudisha utakuwa umemnyang'anya na hilo. Nikapokea nikamuandikia risiti.

Uchambuzi

Nianze na deni kwa sababu mi naamini mengine yote yalining'inia hapo. Wengi watasema kosa ni kutoa huduma bure. Sikubali. Nchi yetu watu wengi wasipopewa bure hawapati kabisa. Kosa ni kutoa bure ambayo haina mwisho wala maandishi, "utanilipa ukiwa nayo", maana kuanzia hapo Leah kila akikaa kwenye kile kiti anajua amekaa kwa hisani yangu, na mtu aliyekaa kwa hisani hawezi kusema zoezi lako silitaki, hawezi kusema umenitangaza nyumbani, hawezi kusema semina sitakuja. Kumwambia "ukikataa usijisikie vibaya" baada ya kumkopesha vikao 5 ni maneno matupu. Uhuru wa kukataa nilishauchukua kikao cha 4, kikao cha 8 namrudishia kwa mdomo.

Pili ni neno mama. Tangu Freud, yule daktari aliyeanzisha uchanganuzi nafsi, wataalamu wanaongelea uhamisho, kwamba mteja anamuhamishia mtaalamu hisia za mtu mwingine wa maishani mwake, na kwa lugha yetu hatuhitaji hata kuchimba, jina liko wazi mdomoni. Binti amefiwa na mama, kila wiki anakuja anamwita mtu mwingine mama na anaitwa mwanangu. Angeweza kumkatalia mshauri. Kumkatalia mama, miezi 7 baada ya kumzika mama, ni kitu kingine. Nilitakiwa kulileta hilo mezani kikao cha kwanza kabisa, nimuulize neno hili kwako likoje, sikufanya kwa sababu nililizoea na kwa sababu nililipenda.

Kuna utafiti wa David Rennie wa 1994 ambao nimeurudia mara nyingi baada ya kisa hiki. Aliwasikiliza wateja wakieleza nini kilikuwa kinapita kichwani mwao wakati wa kikao, akakuta wanaficha kutoridhika kwao kwa sababu ya kumheshimu mtaalamu, wanaogopa kumuudhi, wanamhurumia, wanajiona hawana haki ya kumpinga. Hao ni watu wa Kanada. Sasa chukua hiyo heshima uongeze shikamoo, umri, vikoba na deni.

Kwenye mipaka kati ya mshauri na mteja kuna tofauti waliyoiweka madaktari wa akili Gutheil na Gabbard 1993, kuvuka mpaka na kuvunja mpaka. Kuvuka ni kutoka kidogo nje ya utaratibu bila kumdhuru mteja, wakati mwingine hata kunamsaidia, kuvunja ni pale mteja anapotumika au anapoumia. Kumpunguzia bei kungeweza kuwa kuvuka tu. Maneno yangu kwenye vikoba yalikuwa kuvunja, na simu ya siku ya 3 ilikuwa kuvunja zaidi. Najua kuna watakaonitetea kwenye ile simu, kwamba kulikuwa na hofu ya usalama wake. Nimejiuliza hilo kwa haki. Usiri una mahali unapofunguka, pale maisha ya mtu yakiwa hatarini, lakini mi sikuwa na dalili hiyo mkononi, swali la 9 lilikuwa 0 na nililiamini, na hata kama ningekuwa nayo hakukuwa na sababu yoyote ya kutaja semina. Semina niliitaja kwa sababu nilikuwa na wasiwasi na semina yangu. Nimechukua muda mrefu kulikubali hilo.

Wanasaikolojia Safran na Muran wanaeleza kwamba uhusiano wa tiba ukipasuka unapasuka kwa namna mbili, mteja anakukabili, au mteja anajitoa taratibu huku mwili wake bado umekaa pale. Hii ya pili ndo tunayoikosa sisi. Dalili zilikuwepo zote: kulia kuliisha ghafla na sio taratibu, majibu yakawa mafupi na mazuri, kila zoezi "limenisaidia", alama zinashuka vizuri mno. Mteja anayeonekana hana shida yoyote na wewe kwa vikao 5 mfululizo anahitaji kuangaliwa kwa makini.

Halafu kuna mtu ataniambia basi wazee wasifanye kazi hii na vijana, heshima itaharibu. Hapana. Zimbabwe kuna Friendship Bench, iliyoanzishwa na Dixon Chibanda 2006, bibi wa mtaani wanakaa na mtu kwenye benchi kwenye eneo la kliniki, na jaribio lao lililochapishwa 2016 lilikuwa na watu 573 na lilionyesha dalili zimepungua kweli. Wale nao ni wazee. Lakini wana vitu ambavyo mi sikuwa navyo kwenye kesi ya Leah, wamefundishwa njia ya kutatua matatizo ambayo mwenye shida ndo anachagua tuanze na shida ipi, wanasimamiwa, na wote wawili wanakaa benchi moja. Leah alichagua mama yake, mi nikachagua baba.

Kilichofanya kazi ni kidogo na kilikuja mwishoni. Msimamizi, kwanza kabisa, bila yeye ningetuma ile kurasa 1 na nusu. Rafiki aliyekuja nae. Viti. Faili kufunguliwa, nadhani hilo ndo lilimrudishia zaidi kwa sababu aliona nilichomuandika nae akaandika juu yake, na maandishi yake yamebaki humo. Na lile la kumpa njia za kuondoka ambazo hazipiti kwangu. Alipotaka kujua pa kulalamikia hakujua pa kuanzia, na mi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumuonyesha. Kenya wana sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, ina bodi yake, mteja ana mlango wa kugonga. Karatasi ninayompa mteja siku ya kwanza sasa hivi ina jina na namba ya msimamizi wangu, mstari wa kwanza, kabla ya bei.

Ninavyofanya sasa

Mtu wa vikoba, mtu wa kanisani kwangu na watoto wao siwapokei, nawapeleka kwa mwenzangu hata kama ni mji wa jirani. Bei ya chini ipo, imeandikwa, elfu 10, vikao 8, halafu tunakaa tunaangalia upya, na asiye nayo kabisa anaandikiwa 0, sio deni. Meza imeenda ukutani. Dodoso linajazwa nje. Ushuhuda simuombi mteja yeyote, kwa namna yoyote.

Shikamoo sijaikataza, ingekuwa ni amri nyingine tena. Ila kikao cha kwanza nauliza tuitane nani, na wachache wamechagua jina langu.

Na kuna swali nililibadilisha. Zamani nilikuwa nauliza "kuna kitu nilichosema hukukipenda?" na jibu lilikuwa hapana siku zote. Sasa kila kikao cha 3 nasema niambie kitu kimoja nilichosema au nilichokupa ambacho hakikukufaa, nachukulia kwamba kipo, naomba kimoja tu. Wengine wanacheka, wanasita, wanatafuta kidogo kidogo. Juzi juzi mmoja akafikiria akasema ile ya kuandika kila usiku, sijaandika hata siku moja na sitaandika, nikirudi nyumbani nimechoka. Nikamuambia sawa. Tukaifuta kwenye karatasi, tukaendelea na alichokuja nacho siku hiyo.